Kamera Yako Inaona Watu Ambao Wewe Huwaoni

Wasee, kuna swali naulizwa kwa inboksi karibu kila wiki: "Mbona picha imetoka na vitu sikuviona nikipiga?" Mwingine anauliza kinyume: "Mbona tulisimama watu kumi na watano, na kwa framu ukutani wako kumi na watatu?" Watu hudhani hayo ni maswali mawili. Ni moja tu, na leo nalijibu mara moja na kwa wote, ju limeshaleta kelele hadi kwa boma za watu.

Kama wewe ni mgeni hapa: niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, nikabaki na Canon EOS 1200D ya mtumba. Nakaa Migori mjini lakini kazi nyingi ziko upande wa Homa Bay, kwa hivyo wikendi utanipata kwa matatu ya Rongo nimepakata begi ya kamera kama mtoto. Harusi, ayie, matanga, sherehe za kuhitimu, zote napiga. Haya ninayosema nimeyaona kazini.

Sasa sikiza. Kile kidirisha unachobandika jicho kwa kamera kama yangu hakikuonyeshi picha nzima. Canon wenyewe wanasema: takriban asilimia 95. Nikon D3200 ni vile vile. Unaweza kudhani asilimia tano ni kitu kidogo, lakini hiyo 95 ni ya upana, na nyingine 95 ni ya urefu. Zidisha. Unabaki na kama asilimia 90 ya eneo la picha. Kamera yangu inanasa nukta milioni 18, so kila nikibonyeza, zaidi ya nukta milioni 1.7 zinaingia bila jicho langu kuziona. Ziko pembeni zote nne, zimetulia tu.

Kwa nini? Kwa sababu jicho lako na kamera hazitumii njia moja. Mwanga unapita kwa lenzi, unagonga kioo, unapanda kwa kiskrini kidogo, halafu vioo vingine vinauzungusha hadi kwa jicho lako. Ukibonyeza, kile kioo cha kwanza kinainuka na mwanga unaenda moja kwa moja kwa kihisi, kile kipande kinachonasa picha. Kufanya hizo njia mbili zilingane hadi ukingoni kabisa kunataka vioo vikubwa na ufundi wa bei. Ndiyo maana Canon EOS 7D inakupa karibu asilimia 100 na yangu hainipi. Kwa kamera za bei yetu, watengenezaji waliamua ni heri upate ziada kuliko upungukiwe.

Enzi za filamu hata hakuna mtu alikuwa anasumbuka. Fremu ya filamu ilikuwa milimita 24 kwa 36, na kishikio cha slaidi ama mashine ya kusafisha picha ilikuwa inakula ukingo kidogo. Ulichoona kwa kidirisha kilikaribiana na ulichopewa mkononi. Na zile kamera ndogo za zamani zilikuwa na shida yake: kidirisha kilikuwa tundu tofauti kabisa, juu ya lenzi. Ukimpiga mtu wa karibu, wewe unaona kichwa, lenzi inaona shingo. Kama kwa albamu ya dani kuna mjomba hana nywele za juu, usicheke mpiga picha. Lilikuwa tundu.

Kwa hivyo jibu la swali la kwanza ni hilo: kamera imechukua zaidi ya ulichoona. Nenda Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe huku Migori zilizojengwa bila saruji na kuingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2018. Kuna ukuta unafika mita 4 na kitu. Utajipanga vizuri uuache ukuta peke yake, uondoe chupa ya soda pale pembeni, ubonyeze. Ukifika nyumbani chupa imerudi. Haikurudi. Ilikuwa hapo muda wote.

Swali la pili ni kubwa zaidi, na ndilo lililonifanya niandike.

Picha ya kamera kama yangu ina umbo la 3 kwa 2. Ukichapisha saizi ya 4 kwa 6, inaingia kama ilivyo. Lakini hakuna familia inataka 4 kwa 6 ukutani. Inataka 8 kwa 10. Hesabu: picha yenye urefu wa inchi 8 ilifaa kuwa na upana wa inchi 12, na karatasi iko na 10 pekee. Inchi mbili lazima ziende. Hiyo ni moja ya sita ya picha yote. Kwa picha yangu ya nukta 5184 kwa upana, ni nukta 432 kila upande. Kwa watu kumi na watano waliojipanga mstari, hapo kuna mtu mzima kila mwisho. Hakuna mtu amekosea. Karatasi ndiyo fupi.

Sasa niambie: nani husimama mwisho?

Mimi nimewaangalia kwa miaka mitatu hivi. Katikati kuna mwenye sherehe, wazazi, na yule wa kutoka Nairobi na suti. Mwisho kuna shangazi aliyetoka jikoni akipangusa mikono. Kuna mtoto wa jirani. Kuna mjomba wa boda aliyekuwa anabeba soda na viti tangu asubuhi, na akaitwa "njoo basi" wakati watu wameshajipanga. Kila saizi ya karatasi inayokata, inaanza na hao.

Kuna ayie moja nilipiga karibu na Mbita. Mjomba kama huyo alikuja mwisho, akasimama kulia kabisa. Kwa kidirisha nilimwona bega na ukingo wa kofia. Najua kamera yangu, nilijua uso uko ndani ya ile sehemu imefichwa, nikabonyeza. Familia ikaagiza 8 kwa 10, mwenye studio akakata kama saizi inavyotaka, picha ikapanda ukutani bila mjomba. Hakuna mtu aliuliza.

Miezi ikapita. Nikapigiwa simu na dadake. "Nyathina, ile picha ya ayie bado unayo? Si ya ukutani. Ile yote." Mjomba alikuwa amefariki. Simu yake iliharibika zamani, na picha ya kitambulisho ilikuwa imefifia hadi huwezi kujua ni nani. Walikuwa wanatafuta uso wa kuweka kwa kijitabu cha mazishi.

Nilifungua faili ya kwanza kabisa, ile haijaguswa. Alikuwepo. Uso wote, kofia imekaa upande, anaangalia kamera sawasawa. Uso wenyewe ulikuwa na upana wa nukta kama 160, mdogo sana. Kwa bango la barabarani ungekuwa ukungu mtupu. Kwa kijitabu ulitosha. Mama alinitumia ujumbe mmoja tu: "Ni yeye."

Manze, tangu siku hiyo sibishani na mtu ati ukingo wa picha ni uchafu wa kukatwa.

Na msiniambie nyinyi wa simu hamhusiki. Kweli, skrini ya simu inakuonyesha karibu kila kitu kitakachoingia. Lakini badilisha kutoka picha kwenda video uone venye fremu inabana ghafla, ju simu nyingi zinakata pembeni ili zitulize mtikisiko. Weka picha ya mraba kwa profaili yenye duara, na duara linameza zaidi ya moja ya tano ya mraba huo. Januari 2025 Instagram ilitoa gridi ya mraba ikaleta ya wima, na watu wakaamka wakakuta vichwa na maandishi waliyopanga kwa makini yamekatwa. Wewe ulipanga fremu yako. Mtu mwingine ana fremu yake juu ya yako.

Basi fanya hivi. Mpiga picha mwenzangu: jua kidirisha chako ni asilimia ngapi. Jaribu na ukuta wa matofali, hesabu matofali unayoona, piga, halafu hesabu yaliyotoka. Ukivaa miwani, unaona hata kidogo zaidi, kwa sababu jicho liko mbali na tundu. Picha ya kundi yenye uzito, washa skrini ya nyuma, hiyo inakuonyesha yote. Wapange watu safu mbili badala ya mstari mmoja, na acha nafasi pande zote mbili, ju karatasi itakuja na makasi. Na usifute faili za kwanza ati memori imejaa.

Mteja: kabla uchapishe, uliza "hii saizi inamkata nani?" Kama jibu ni shangazi wa jikoni, badilisha saizi. Ama chapisha 8 kwa 12, ipo, tofauti ya bei haifiki bei ya keki uliyonunua. Na dai faili kamili, hiyo iliyotoka kwa kamera, si ile ya WhatsApp iliyobanwa hadi imelegea.

Leo jioni ukipata dakika tano, fungua picha za sherehe ya mwisho ya kwenu. Zile kamili. Usiangalie katikati, hapo unapajua. Telezesha hadi mwisho wa kushoto, halafu mwisho wa kulia, uniambie hapo chini umempata nani.