Makohozi Yapimwe Kwanza

Iguguno, Mkalama

Mwanangu,

Alizeti imeshapigwa na kupepetwa, uwele uko ndani, na upepo umeanza ule wa kutikisa mabati usiku kucha. Sikupigi simu kwa sababu kwenye simu utaniambia "nimeshapona, shangazi", kisha mtandao utakatika. Barua utaisoma mpaka mwisho.

Ulipokuja kwenye matanga ya baba yako mkubwa ulilala chumba cha pili, nami sikulala. Ulikohoa tangu saa nne mpaka jogoo wa kwanza. Asubuhi shuka lilikuwa limelowa jasho kama limeanuliwa mvuani, na suruali uliyoshonewa Krismasi unaifunga kwa kamba. Nilipoichukua niifue nikakuta dawa mfukoni: sipro vidonge vinne vimebaki, azithro ganda tupu, na vidonge vya rangi mbili vimefungwa kwenye kipande cha gazeti bila jina. Nikakuuliza. Ukasema ni vumbi la duara la mgodini tu, ukimeza sipro siku tatu kinatulia, na kikirudi unanunua tena. Unafanya hivyo tangu Pasaka.

Neno hilo, "kinatulia", ndilo lililoninyima usingizi. Nalijua. Niliwahi kulisema mimi mwenyewe.

Mwaka 1998 nilikuwa nafundisha darasa la tatu. Kikohozi kilinianza mwezi wa pili. Nikaenda duka la dawa baridi, nikapewa rangi mbili. Kikatulia wiki moja, kikarudi. Nikapewa Septrin. Kikatulia, kikarudi. Nikachomwa sindano za penisilini, zile PPF, nyumbani kwa mtu. Kila mara napata nafuu kidogo, na kila mara nafuu hiyo inanifunga macho. Nilipofikishwa hospitali ilikuwa mwezi wa nane, nina kilo 41. Makohozi yakapimwa: kifua kikuu. Nikameza dawa miezi minane, kama ilivyokuwa utaratibu wa wakati ule, nikapona.

Bibi yako hakupona. Miguu yake ilikuwa imeshakufa ganzi, akawa analala chumbani kwangu ili nimsaidie usiku. Miezi sita nilimkoholea. Alipoanza yeye tukasema ni uzee, na alipopimwa hakuwa na nguvu hata ya kutoa kohozi. Alifariki mwaka uliofuata. Nyinyi watoto mliambiwa ni kifua cha baridi. Baba yako alijua, nami nilijua, na hatukulizungumza tena. Leo nimelizungumza kwa sababu una mke na mtoto anayenyonya, na kwenye kambi yenu Sekenke mnalala watu sita kibanda kimoja. Mgonjwa wa kifua kikuu cha mapafu asiyetibiwa hukadiriwa kuambukiza watu 10 hadi 15 kwa mwaka. Na mimi nilikuwa nasimama kila asubuhi mbele ya darasa lililojaa watoto.

Sasa nisikilize, baba. Zile rangi mbili na Septrin nilizomeza si dawa za kumpiga mdudu wa kifua kikuu. Nafuu niliyoiona ilitokana na kufa kwa vijidudu vingine vilivyokuwa vimedandia mapafu mabovu, au ilikuwa tabia ya ugonjwa wenyewe, maana hupanda na kushuka. Lakini sipro yako ni jambo jingine, nayo inanitisha kuliko zile zangu. Sipro inamgusa. Inampiga akalegea, kikohozi kinapungua, na hata makohozi yakipimwa siku hizo yanaweza yasionyeshe kitu. Lakini haimmalizi. Mdudu yule ana ganda la nta, anakua polepole sana, na hauawi na dawa moja. Ndiyo maana tiba inaanza na dawa nne pamoja kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Ukimpiga kwa dawa moja, siku tatu leo na siku tatu mwezi ujao, wanaokufa ni wale dhaifu. Wale wachache walioweza kuihimili wanabaki, wanazaana, na hao ndio utakaomkoholea mwenzako.

Kuna baya zaidi. Sipro ina ndugu zake, levofloksasini na moksifloksasini, ambazo madaktari wanazitegemea kutibu kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida. Mdudu akishaizoea sipro, mara nyingi ameshawazoea na ndugu zake. Wewe ni mtoto wa Singida, unajua kula mbegu ni nini. Mwaka wa njaa, nyumba iliyokula mbegu mwezi wa kumi ilikaa ikitazama mvua ya Desemba ikinyesha kwenye shamba tupu. Hizo sipro unazomeza kienyeji ni mbegu, na si yako peke yako, ni ya kambi nzima.

Jambo hili si geni. Alexander Fleming, yule aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alitoa mfano wa mtu aliyeumwa koo akajinunulia penisilini na kutumia kidogo isiyotosha. Vijidudu vyake vikapata usugu, akamwambukiza mkewe, na mke alipougua nimonia dawa ikashindwa, akafa. Nilipoisoma habari hiyo nilimfikiria mkeo. Fleming aliyasema hayo penisilini ikiwa bado mpya. Mwaka 2019 wataalamu walikadiria watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa maambukizi ya bakteria sugu.

Sikuambii kwamba una kifua kikuu. Mimi si daktari, na kikohozi kina wazazi wengi. Cha mafua hutokana na virusi, ambavyo havisikii antibiotiki yoyote, na kinaweza kukaa wiki tatu kikaondoka chenyewe. Jirani yetu wa bondeni alikohoa karibu mwaka mzima, akanywa kila dawa ya kifua, kumbe ni vidonge vyake vya presha vilivyokuwa vikimkereketa koo; alipobadilishiwa, kimya. Pumu nayo hukohoza. Na wewe unayeponda mawe kwenye karasha una vumbi la mwamba, ambalo likiingia mapafuni linaacha makovu yasiyofutika, na hakuna kidonge cha kulitoa. Kitambaa unachofunga puani hakilizuii lile laini. Mwageni maji mnapotoboa na kuponda, nawaombeni. Ila sikia hili: mapafu yenye vumbi hilo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko ya mkulima. Kwa hiyo uliposema "ni vumbi tu" hukunituliza. Umeongeza sababu ya kupimwa.

Na utaratibu wa nchi hii uko wazi. Aliyekohoa wiki mbili au zaidi apimwe makohozi. Wewe umepita miezi mitatu. Kupima ni bure kwenye vituo vya serikali, na dawa ni bure. Fedha uliyokwisha kuitoa dukani tangu Pasaka ingemnunulia mtoto mbuzi.

Tena Tanzania si mwanafunzi katika hili. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na miongoni mwa walioujenga alikuwemo Karel Styblo, daktari aliyezaliwa Czechoslovakia, ambaye mwenyewe aliupata ugonjwa huu akiwa kwenye kambi ya mateso ya Wanazi. Njia iliyojaribiwa hapa kwetu, ya kupima makohozi, kumwandikisha kila mgonjwa kumsimamia akimeza dawa na kumfuatilia mpaka amalize, ndiyo Shirika la Afya Duniani lililoieneza ulimwenguni miaka ya 1990. Wenzetu wa mbali wamejifunza kutoka kwetu. Itakuwaje mtoto wangu afe kwa kutojua?

Kifua kikuu sugu nacho kinatibika. Hospitali ya Kibong'oto, kule Siha, imekuwa ikikitibu tangu 2009. Lakini wale wa mwanzo walimeza dawa miezi 20 na kuzidi, na sindano zake ziliweza kumwacha mtu kiziwi. Siku hizi tiba imefupishwa, ila bado ni nzito. Sitaki uifikie.

Usimlaumu muuzaji peke yake. Wapo wauzaji wa maduka ya dawa muhimu waliofundishwa vizuri, na wapo wanaokuambia "nenda kapime kwanza" ukawaona wanaringa, ukahamia dirisha la pili. Hukuuziwa kwa nguvu, mwanangu. Uliomba kwa jina.

Basi fanya hivi. Hizo sipro zilizobaki usizimeze, wala usimpe mwenzako. Zichukue uende nazo Kiomboi hospitali, umwonyeshe daktari, umtajie kila kitu ulichomeza na tangu lini, usimfiche hata kimoja, kwa sababu akijua atajua jinsi ya kusoma majibu yako. Mwambie pia kwamba unachimba. Omba kipimo cha GeneXpert, ambacho hutazama mdudu na usugu wa rifampisini kwa pamoja, na mashine yenyewe hutoa jibu kwa saa mbili hivi. Kohozi liwe lile la asubuhi, litokalo chini kabisa kifuani, si mate. Ukikutwa na kifua kikuu, mkeo na mtoto wataitwa wapimwe, na mtoto wa umri wake asipokutwa nacho hupewa dawa ya kinga. Wala usione aibu. Mimi niliona aibu, na unajua sasa ilimgharimu nani.

Mpaka upate majibu, lala peke yako, fungua dirisha, na ukikohoa ziba kwa kitambaa.

Nauli ya kwenda Kiomboi na kurudi nimempa dereva pamoja na barua hii. Jumatatu asubuhi uwe pale kabla foleni haijawa ndefu, na mchana nipigie. Nitakaa na simu mkononi.

Ni mimi,
Shangazi yako