Malazi ya Msafiri Asiye na Gari

Nilipokwenda kusimamia mtihani wa kuzungumza mjini Huye, nililala Kigali katika nyumba ya wageni ya bei nafuu, kilomita 2 tu kutoka kituo cha mabasi cha Nyabugogo. Ramani haikuonyesha kwamba kituo kiko bondeni, nayo nyumba iko kilimani. Alfajiri ilinyesha mvua, pikipiki zikakosekana. Nikateremka kwa miguu, sanduku kichwani, na basi likaniacha. Watahiniwa walinisubiri hadi saa tano. (Kitenzi “panda” hutumika kwa kilima na kwa basi, asubuhi ile sikupanda chochote.) Safari iliyofuata nilichagua Nyamirambo, mtaa ambao Kiswahili husikika madukani. Kabla ya kutaja bei, nilimwuliza mwenye nyumba basi la kwanza la kwenda Nyabugogo hupita saa ngapi.