Luzira: kwenye ziwa la meli ya sinema

Wengi wetu tukifika Kampala tunajua ofisi na stendi ya matatu tu, basi. Likizo hii tuliwapeleka watoto Luzira, kwenye bandari ya Port Bell. Sababu ni sinema! Walikuwa wameona kwenye simu The African Queen, ya mwaka 1951, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wanateremka mto na kiboti kibovu, ati wakazamishe meli ya vita ya Wajerumani. Mkubwa akauliza: hiyo meli ilikuwa ya kweli?

Ile inayoonekana kwenye picha ni Buganda, boti ya mvuke ya kuvuta matishari, mali ya Reli na Bandari za Afrika Mashariki, iliyofanya kazi humu humu Ziwa Victoria. Picha zenyewe zilipigwa Congo na hapa Uganda, Butiaba na maporomoko ya Murchison.

Luzira si pa kifahari. Harufu ya kiwanda cha bia inakufuata, na gereza kuu liko karibu. Lakini reli inashuka mpaka majini, kwa sababu meli za hapa zilijengwa kubeba mabehewa mazima. Watoto walisimama hapo muda mrefu kuliko kwenye mwalo wa samaki. (Ukienda, omba ruhusa kabla ya kupiga picha.)

Sasa, meli iliyozaa hadithi yenyewe ni nyingine, na watu wetu wanaijua: Liemba, ya Kigoma. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande kwenye masanduku 5,000, ikaunganishwa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha wakikimbia. Waingereza wakaiopoa, na mwaka 1927 ikaanza tena safari kwa jina jipya.

Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, Umoja wa Mataifa uliitumia kurudisha wakimbizi zaidi ya 75,000 kutoka Kigoma mpaka Uvira, safari 22. Mwaka 2015 ikawachukua Warundi waliokwama Kagunga.

Tuliporudi kambini watoto walimwendea bibi wa jirani, aliyepanda mojawapo ya zile za Uvira. Sinema hiyo hajaiona. Anachokumbuka ni chuma cha sitaha, jinsi kilivyounguza nyayo, na kwamba walipewa maji.