Motokari Iliyozimika Mlimani Masisi

Atokaye Goma kwenda Masisi hufika kwanza Sake, mji mdogo ulio kando ya ziwa Kivu, yapata kilomita 25 kutoka Goma. Karibu na hapo utaona mawe meusi ya volkano ya Nyamulagira, ambayo moto wake ulishuka mpaka ziwani katika miaka ya 1938 hadi 1940. Kutoka Sake barabara huliacha ziwa ikapanda milima ya Masisi, inayopita mita 2,000 kwa urefu. Huko juu ni malisho mabichi, ng'ombe na mashamba ya viazi. Na vijana hushuka mbio na vyukudu vyao vya mti, vimesheheni makaa na magunia.

Safari nitakayoisimulia ilifanyika kabla ya Januari 2025, mwezi ambao miji ya Masisi, Sake na Goma ilitekwa vitani. Tulikuwa wanne katika pikapu kuukuu ya mazuti: dereva, katekista mmoja mzee, kijana wa mizigo, nami mwalimu. Tulikuwa tunapeleka chumvi, madaftari na chaki Walikale. Hapo Sake mama mmoja alitujia amebeba mtoto mwenye homa kali, akaomba tumfikishe hospitalini Masisi. Tukampakia mbele, karibu na dereva.

Kabla ya kuondoka tulinunua mafuta kwa kijana auzaye kwa bidoni kando ya barabara. Kwetu Kongo wauzaji hao huitwa makadhafi, kwa jina la yule mtawala wa Libya, nchi yenye mafuta mengi. Tukajaza tangi mpaka mdomoni. Lakini kifuniko cha tangi kiliviringika kikaanguka mtaroni, tukakitafuta bila kukiona. Basi mimi nikatwaa mfuko wa plastiki, nikaukunja mara mbili, nikaufunga mdomoni mwa tangi kwa utepe wa mpira wa tairi, nikaukaza kwa nguvu zangu zote, mvua isiingie wala vumbi. Dereva akanisifu kwa kazi nzuri.

Hatukwenda mbali. Tulipokuwa tukipanda kuelekea Mushaki, motokari ilikohoa, ikapoteza nguvu, ikazimika. Dereva akageuza ufunguo, nayo ikawaka mara moja kana kwamba haina neno. Ikaenda kitambo kidogo, ikazimika tena. Ikawa hivyo mara ya tatu na ya nne. Mtoto alikuwa akihema upesi upesi, na mama yake hakusema kitu, ila alimtazama dereva kila mara ufunguo ulipogeuzwa.

Dereva akapiga usukani kwa mkono, akasema: "Yule kadhafi ametuuzia maji!" Sote tulikubali, maana ubovu ulianza mara baada ya kununua mafuta yake. Pikipiki moja ilikuwa ikishuka. Dereva akamsimamisha mwenyewe, akamwagiza awaambie watu wa Sake wasinunue tena kwa kijana yule. Nami nikaongeza maneno yangu, wala hayakuwa ya upole.

Ndipo katekista aliposhuka nyuma ya gari. Zamani za ujana wake alikuwa kijana wa magari makubwa. Akasema: "Bwana dereva, tumekwisha kumhukumu mtu. Sasa tutafute ushahidi."

Akatueleza kwa kifupi. Injini ya mazuti haiwashwi kwa cheche. Hewa hubanwa sana ndani ya silinda hata ikawa moto mkali, na mazuti yanyunyizwapo humo huwaka yenyewe. Kwa hiyo ikiwaka vizuri kisha ikazimika, betri na stata hazina hatia, kwa kuwa kazi yao imekwisha injini inapowaka. Yafaa kuuliza: je, mafuta yanafika, na yanafika safi? Ya kuwashia ni kidogo tu, nayo yamo tayari karibu na injini. Bali ya kupandia mlima ni mengi, nayo hayana budi kuvutwa kutoka tangini bila kukoma.

Akafungua kizibo kilicho chini ya chujio, akakinga mafuta katika chupa nyeupe, akaiweka juu ya jiwe. Maji ni mazito kuliko mazuti. Kama yamo, hutua chini nasi tungeyaona yamejitenga. Tulingoja. Chupa ilikuwa na rangi moja toka juu hata chini, haina tone la maji wala uchafu. Dereva akainama akaitazama mara mbili.

Kisha mzee akabonyeza pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya chujio. Ikashuka, lakini haikutaka kupanda tena. "Inavuta wala haipati," akasema. "Kizuizi kipo upande wa tangi." Akaufuata mpira wa mafuta kwa vidole, akaona haukupindika wala kubanwa. Akafika mdomoni mwa tangi, akasimama. Ule mfuko wangu ulikuwa umezama ndani kama shavu la kikongwe asiye na meno. Akanitazama. "Mwalimu, tangu tulipofika Sake mambo mawili yalibadilika, si moja."

Akalegeza ule utepe, na hewa ikaingia kwa sauti kubwa: fyuuu! Nikaelewa, nikaona haya. Mafuta yatokapo tangini hayana budi hewa iingie mahali pake. Kifuniko cha kweli kina njia ndogo ya hewa kwa ajili hiyo. Mimi nilikuwa nimeiziba. Kila tuliposimama, hewa kidogo ilipenya pole pole, injini ikawaka. Kisha mvuto ukazidi, mafuta yakakataa kuja. Na tangi lililojaa lina nafasi ndogo ya hewa, ndiyo maana lilikwama upesi. Tukafunika mdomo kwa kitambaa safi, tukakifunga kwa kulegea. Motokari ikapanda hadi Masisi bila kusimama, na jua lilipokuwa likitua yule mtoto akapokewa hospitalini.

Kutoka Masisi tulishuka kwa Nyabiondo, tukaacha malisho tukaingia msituni. Wilaya ya Walikale ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, karibu mara tano ya Masisi, na sehemu kubwa ni msitu. Ni nchi ya Wanyanga, ambao hadithi yao ya shujaa Mwindo iliandikwa na Daniel Biebuyck mwaka 1956 kutoka kinywani mwa msimulizi. Tangu 2002 jina la Walikale limejulikana pia kwa madini ya bati ya Bisie. Njia zilikuwa mbaya hata ndege ndogo zikawa zinatua juu ya barabara yenyewe, pale Kilambo, kuchukua madini hayo. Mahali kama hapo gari likizimika, chumvi hupanda bei na dawa huchelewa. Kujua ubovu upesi ni kuwatendea jirani mema.

Tuliporudi, tulisikia Masisi kwamba mtoto amepona, amekwenda nyumbani. Lakini Sake tulimkuta kadhafi wetu ameketi na bidoni zilizojaa. Neno letu lilikuwa limefika kabla yetu, na wanunuzi walikuwa wakimpita. Nikamweleza yote, dereva akisimama kando yangu. Akaniuliza: "Mwalimu, mbona hamkurudi kuniuliza mimi?" Sikuwa na jibu.

Siku ile ilikuwa ya soko. Tukasimama mbele ya watu, mimi na dereva, tukasema kwa sauti kwamba mafuta yalikuwa safi na kosa lilikuwa la mikono yangu. Wengine walicheka. Wengine walinunua. Wengine, kwa kweli, walipita kama walivyopita jana yake. Maana hewa hurudi tangini mara utepe ulegezwapo, lakini jina jema la mtu halirudi upesi hivyo. Amri ya nane tuliisoma sote katika katekisimu. Mimi niliielewa pale kwenye mlima wa Mushaki, nikiwa na chupa ya mazuti mkononi.