Bendera Nyekundu Inapochanwa: Safari ya London hadi Brighton

Msomaji mpendwa, ukijaaliwa kuwapo London Jumapili ya kwanza ya mwezi wa Novemba, amka alfajiri, uvae koti zito, ushike njia ya Hyde Park kabla jua halijachomoza. Utazikuta motokaa mia kadhaa zimepangwa safu, zote zimeundwa kabla ya mwaka 1905. Nyingi huendeshwa kwa petroli, nyingine kwa mvuke, na chache kwa umeme wa betri. Baadhi hazina hata usukani wa duara, bali huongozwa kwa mkono wa chuma mfano wa usukani wa mashua. Paa hakuna, kioo cha mbele hakuna. Abiria hujifunika mablanketi, na dereva huzungusha hendeli mpaka jasho limtoke katika baridi ile.

Kabla motokaa ya kwanza haijaondoka, huchanwa bendera nyekundu hadharani. Kisa chake ni hiki. Mwaka 1865 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba gari lolote lisilovutwa na mnyama lisizidi maili 4 kwa saa mashambani na maili 2 mijini, tena mtu atangulie mbele kwa miguu akiwa na bendera nyekundu. Sharti la bendera lililegezwa mwaka 1878, lakini mtangulizi aliendelea kutembea. Hatimaye, tarehe 14 Novemba 1896, sheria mpya ilianza kutumika na mwendo ukaruhusiwa kufika maili 14 kwa saa. Siku hiyo hiyo wapenda motokaa wakafunga safari ya kwenda Brighton, mji wa pwani ya kusini, kusherehekea uhuru wao. Waliondoka 33, wakafika 17.

Safari hiyo ilifufuliwa mwaka 1927, na mpaka leo si mashindano. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Kila afikaye kabla ya saa iliyowekwa hupewa medali. Njia ni ya maili 60, yaani kilomita 96 hivi. Hutoka katikati ya jiji, ikavuka mto Thames, ikapita Croydon na Crawley, kisha ikapanda vilima vya kusini mpaka ufukweni. Watu wa vijiji vya njiani hutoka na watoto wao kushangilia. Penye mlima mkali utaona abiria wakishuka kusukuma, na penye gari lililozimika utaona mafundi wakiinama na spana mkononi, mwenye chombo akimwazima asiye nacho. Gari la miaka mia na ushee haliwezi kununuliwa vipuri dukani. Huishi kwa mikono ya fundi aijuaye kazi yake.

Lakini tusimame kidogo pale Croydon. Huko ndiko alikokuwa akiishi mama mmoja aliyeitwa Bridget Driscoll. Tarehe 17 Agosti 1896, miezi mitatu tu kabla ya sherehe ile ya kwanza, alikuwa akitembea na binti yake katika viwanja vya Crystal Palace, London. Motokaa iliyokuwa ikionyeshwa kwa watu ikamgonga, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 44, naye ndiye mtembea kwa miguu wa kwanza kuuawa na gari la petroli nchini Uingereza. Baraza la uchunguzi liliamua kwamba ilikuwa ajali, na inasimuliwa kuwa mkuu wake alitumaini jambo kama hilo lisitokee tena kamwe.

Tumaini hilo halikutimia. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya milioni moja wanaokufa barabarani kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki.

Hivyo, msomaji, zitazame motokaa hizo kongwe kwa furaha, maana ni ushahidi wa akili na subira ya binadamu. Lakini bendera ile inapochanwa, kumbuka kuwa mbele ya gari kulikuwa na mtu. Leo hatangulii tena na bendera. Anavuka barabara kwenda kazini, au ni mwanao aendaye shule. Nawe ushikapo usukani, ukumbuke walivyonena wahenga: mwenda pole hajikwai.