Pembetatu ya Elimu Katika Nchi ya Tumbako

Msafiri atokaye Raleigh, makao makuu ya jimbo la North Carolina katika Marekani, akashika njia ya kwenda Durham, mji ulio maili kama 25 upande wa kaskazini-magharibi, hupita katikati ya misonobari mirefu. Udongo ni mwekundu. Mtu wa Kiambu angeutazama bila kuona ugeni. Nyumba ni chache, wala hapana moshi wa viwanda. Ila kando ya barabara kuna vibao vyenye majina ya makampuni, na nyuma ya miti huonekana mapaa ya majengo makubwa yenye vioo. Mahali hapo huitwa Research Triangle Park, yaani Bustani ya Pembetatu ya Utafiti. Ukubwa wake ni ekari 7,000 hivi, na makampuni yaliyomo ni zaidi ya 300. Asiyejua habari zake aweza kupita akidhani ameuona msitu wa serikali.

Pembe tatu zenyewe ni miji mitatu, na kila mji una chuo kikuu. Katika Chapel Hill kiko chuo kikuu cha jimbo kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1795, kabla ya chuo kikuu kingine chochote cha umma katika nchi ile. Katika Raleigh kiko kile kilichoanzishwa mwaka 1887 ili kufundisha kilimo na ufundi wa mitambo. Katika Durham kiko Duke, chuo kisicho cha serikali, kilichopata jina hilo mwaka 1924 kwa ajili ya mali nyingi iliyotolewa na tajiri James B. Duke. Mali hiyo asili yake ilikuwa tumbako, kama ilivyokuwa asili ya mambo mengi katika jimbo hilo.

Mkulima wa Migori au Kuria aliyewahi kukausha tumbako angetambua upesi maisha ya wakulima wa huko yalivyokuwa. Majani yalichumwa, yakafungwa kwenye vijiti na kutundikwa bandani, kisha moto ukatunzwa usiku na mchana kwa siku tano au sita, huku joto likipandishwa kidogo kidogo. Mtu alilala mlangoni mwa banda, kwa maana moto ukizidi au ukipungua, jasho la mwaka mzima limepotea. Asiyelima tumbako alifanya kazi katika kiwanda cha sigara, au cha nguo, au cha meza na viti. Kazi hazikukosekana, lakini ujira wake ulikuwa mdogo, hata katika miaka ya 1950 jimbo hilo lilikuwa miongoni mwa majimbo ya mwisho kabisa kwa kipato cha mtu mmoja mmoja.

Tena lilikuwapo jambo lililowauma wakuu wa jimbo kuliko umaskini wenyewe. Vyuo vile vitatu vilikuwa vikitoa kila mwaka wakemia, wahandisi na wataalamu wa hesabu, na hao wakishapata shahada walifunga mizigo yao wakaenda zao majimbo ya kaskazini, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na kazi iliyolingana na elimu yao. Ilikuwa kama mtu anayelea ndama kwa shida, kisha akiwa ng'ombe wa maziwa humpa jirani bure.

Mjenzi mmoja wa viwanda, Romeo Guest, aliyekuwa amesoma huko Massachusetts, aliona jinsi makampuni ya elimu ya umeme yalivyokuwa yakikusanyika karibu na vyuo vya Boston. Ndiye aliyeanza kuitangaza nchi ile kwa jina la Pembetatu ya Utafiti. Gavana Luther Hodges, ambaye kabla ya kuingia katika siasa alikuwa mkubwa katika biashara ya nguo, alilipokea wazo hilo kwa nguvu. Mwaka 1956 kazi ya kuliendeleza alipewa George Simpson, mwalimu wa elimu ya jamii katika chuo cha Chapel Hill.

Simpson alifanya jambo ambalo halikuwa la kawaida. Badala ya kutuma wachuuzi, alituma waalimu. Mwanachuoni wa kemia alikwenda kuonana na makampuni ya kemikali, na wa uhandisi akaenda kwa wahandisi wenzake, wakazunguka nchi nzima wakibisha hodi. Bidhaa waliyokuwa wakiiuza ilikuwa watu: maprofesa wa kushauriana nao, maktaba, na vijana watakaohitimu mwaka huu na mwaka ujao. Mkubwa wa kampuni aliyezoea kusikia habari za ardhi rahisi na vibarua wa bei ndogo alisikia maneno mengine kabisa.

Fedha ndizo zilizokaribia kuharibu shauri. Kwanza ilidhaniwa kwamba ardhi itanunuliwa na watu wenye kutaka faida, na hisa zikatolewa. Wanunuzi wakawa wachache. Mwaka 1958 mtu wa benki, Archie Davis, alishauri kwamba hisa ziachwe, na watu waombwe kutoa fedha kwa manufaa ya jimbo tu. Waliokataa kununua wakakubali kutoa! Kwa muda wa miezi michache alipata zaidi ya dola milioni 1.4, na mapema mwaka 1959 bustani ikatangazwa kuwa mali ya shirika lisilogawa faida. Sheria zake zilikataza viwanda vya moshi, na jengo liliruhusiwa kufunika sehemu ndogo tu ya kiwanja; ndiyo sababu misonobari ingaliko.

Miaka iliyofuata haikuwa ya furaha. Waliokuja ni wachache, na watu wakaanza kucheka. Ndipo mwaka 1965 serikali kuu ilipotangaza kujenga hapo kituo cha kuchunguza jinsi mazingira yanavyodhuru afya, na miezi michache baadaye kampuni ya IBM nayo ikatangaza kuja. Tangu hapo wengine hawakuhitaji kubembelezwa. Ile mistari myeusi inayochapwa juu ya paketi za bidhaa, ambayo mwenye duka huipitisha mbele ya mwanga ili bei ijulikane, ilibuniwa na George Laurer wa IBM, aliyefanya kazi hapo. Paketi ya kwanza ilipitishwa dukani huko Ohio tarehe 26 Juni 1974. Dawa ya AZT, ya kwanza kukubaliwa kutumiwa dhidi ya UKIMWI, mwaka 1987, ilitoka katika kampuni ya Burroughs Wellcome, iliyokuwa na maabara zake katika bustani hiyo.

Hata hivyo maabara haiendeshwi na maprofesa peke yao. Panatakiwa fundi wa mitambo, mpimaji, na karani ajuaye hesabu. Kwa hiyo, mwaka 1963, jimbo lilipitisha sheria ya vyuo vya jamii, mahali ambapo mtu mzima aweza kujifunza ufundi kwa ada ndogo, karibu na kwake, jioni baada ya kazi. Wageni husifu Duke kwa minara yake ya mawe, lakini mwenye kutafuta mahali pa kuweka kiwanda huuliza pia habari za vyuo hivi vidogo visivyo na minara.

Kuna hesabu moja iliyokosewa tangu mwanzo. Waliohesabu pembe za nchi hiyo walihesabu tatu, na vyuo vingine vilikuwapo. Katika Raleigh kilikuwapo Shaw, kilichoanzishwa mwaka 1865, na katika Durham kilikuwapo chuo kilichofunguliwa na James E. Shepard mwaka 1910. Vyote viwili vikisomesha Wamarekani Weusi. Mji huo huo wa Durham ulikuwa na kampuni kubwa ya bima ya watu Weusi, iliyoanzishwa mwaka 1898, yenye makarani na wahasibu wake. Ustadi ulikuwapo, basi, lakini haukuingizwa katika hesabu. Chuo cha Chapel Hill kiliwapokea wanafunzi Weusi wa kwanza mwaka 1951 kwa amri ya mahakama, na Duke kikawapokea wa shahada ya kwanza mwaka 1963 tu. Jimbo lililolia kwamba linapoteza wasomi lilikuwa limewafungia mlango wengine waliokuwa wamesimama barazani.

Wala wasomi wa Pembetatu hawakuwafaa watu wa kila wilaya. Mwendo wa saa mbili hivi kwa motokaa upande wa magharibi uko mji wa Kannapolis, uliojengwa na wenye kiwanda cha taulo na shuka. Huko mtoto alimfuata baba yake kiwandani, na wengi hawakuona haja ya kumaliza shule ya sekondari, kwa kuwa kazi ilikuwa ikiwangoja. Tarehe 30 Julai 1003 zilipita karne nyingi kabla ya mji huo kuwapo. Ni tarehe 30 Julai 2003 ambayo watu wake hawaisahau, kwa maana siku hiyo kiwanda kilifungwa, na katika jimbo zima wafanyakazi zaidi ya 4,000 wa kampuni hiyo wakakosa kazi kwa mara moja.

Kiwanda kikabomolewa, na mwaka 2008 pakafunguliwa mahali pale pale kituo cha utafiti wa vyakula na afya, ambamo vyuo vikuu vya jimbo vina maabara. Kazi zilizotangazwa humo zilidai shahada ya kemia au biolojia. Wafumaji wengi, na wengine wana wajukuu, walikwenda kujiandikisha katika chuo cha jamii cha wilaya yao, wakaanza na masomo ya sekondari waliyoyaacha ujanani. Baadaye chuo hicho nacho kilipata jengo lake katika uwanja huo wa maabara, na humo hufundishwa kazi ya fundi wa maabara.