Kwa Wifi, Juu ya Mlima wa Kamachumu

Meli ya usiku kutoka Mwanza ilitushusha Kemondo alfajiri, Novemba 2022, mvua ikinyesha. Nilikuwa na watoto wawili wenye usingizi na mfuko wa mchele wa zawadi. Tulipanda gari la abiria hadi Muhutwe, kisha likaanza kuupanda mlima wa Kamachumu, ziwa likibaki chini nyuma yetu. Akina mama mliozaliwa nchi kame kama mimi mtashangaa. Kila upande ni migomba. Nyumba huzioni, waona moshi tu ukitoka katikati ya majani.

Wahaya wana desturi ya kuzika kwenye kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, hivyo mgeni huweza kupita kati ya makaburi kabla ya kufika mlangoni. Kwa wifi yangu nilihesabu makaburi matano. Matatu yaliandikwa 1989, 1991 na 1994. Sikuuliza. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, katika hospitali ya Ndolage iliyo hukuhuku Kamachumu. Hapo mwanzo watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo za magendo zilizotoka Uganda. Mpango wa taifa wa kutoa dawa za kufubaza virusi bure ulianza mwishoni mwa 2004. Waliolala kwenye migomba ile hawakuuona.

Wifi alitupokea kwa kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo. Jioni wakaja wageni wengine, wakwe watarajiwa wa binti yake. Ulikuwa msimu wa senene, tukakaa mkekani kuwanyonyoa mabawa na miguu huku tukizungumza. Saa 3 kamili simu ya wifi ikalia kengele. Mimi na mdomo wangu mwepesi nikauliza, "Wifi, hiyo ya nini?"

"Ya kunikumbusha kufunga kuku."

Mwanangu akadakia, "Shangazi, kuku si walishalala!" Watu wote wakacheka. Wifi naye akacheka, wala hakuinuka.

Wageni waliondoka saa 5. Nilipoingia jikoni nilimkuta akitoa kichupa ndani ya debe la unga. Alikunywa kidonge, akafunika debe, ndipo akanitazama. "Natumia tangu 2007," alisema. "Wewe ni mtu wa nne kujua. Kaka yangu si mmojawapo."

(Haya nayaandika kwa ruhusa yake. Kaka amekwisha kuambiwa, na kijiji sikitaji.)

Nilidhani anayeacha dawa hizi ni mtu asiyeelewa. Wifi aliziacha kwa miezi minane, mwaka 2013, naye alielewa kila kitu. Kliniki ya karibu ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, lakini benchi la wanaosubiri lilitazama njia ya sokoni. Aliyekaa pale siku ya kliniki alijulikana. Siku moja alikosa kwenda kwa ajili ya msiba. Alipokwenda wiki iliyofuata, muuguzi alimwita mtoro kwa sauti, mbele ya watu. Akarudi nyumbani asiende tena.

"Dawa naziweza," aliniambia. "Benchi lile ndilo lililonishinda."

Alikonda, akapata kifua kikuu. Ndipo akaja mama mmoja na mkungu wa ndizi kichwani. Akakaa, akamsaidia kuchambua maharage, wakaongea habari za watoto. Wakati wa kuaga tu ndipo aliposema, "Kadi yako bado iko. Hata mimi yangu iko." Walikwenda pamoja, kwenye kliniki ya mbali ambako wifi hafahamiki.

Nilimuuliza kuhusu maombi, maana wapo walioambiwa wamepona wakatupa vidonge, na baadhi yao wamezikwa. Wifi ni mwimbaji wa kwaya. Alisema yeye huviombea vidonge kama anavyoombea chakula, kisha hula.

Asubuhi ilikuwa tarehe yake, nikamsindikiza kwa pikipiki. Zamani alikunywa dawa mara mbili kwa siku, na mojawapo ilimnyausha mashavu hadi watu wakaanza kumnong'ona. Sasa ni kidonge kimoja, na kwa kuwa anaendelea vizuri alipewa vya miezi 6. Majibu ya kipimo yalionyesha virusi havionekani kwenye damu. Muuguzi alitueleza kwa upole kwamba mtu aliyefikia hapo na kudumu hapo kwa dawa hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Akiacha, virusi huongezeka tena, na akinywa leo na kuruka kesho vinaweza kuwa sugu kwa dawa. Nje ya lango wifi alijaza pamba kwenye vichupa. Kichupa kikitikisika hulia, na mlio huo, alisema, kila mtu kwenye pikipiki anaujua.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, nilimpigia simu. Vidonge alikuwa navyo. Lakini posho ya yule mama wa ndizi ilikuwa imekatika. Bado alipita, ila kwa miguu, na nyumba za juu mlimani hakuzifikia tena. Huko walikuwapo wanawake wawili, mmoja mjamzito, ambao tarehe zao zilikuwa zimepita.

"Sasa nani anawaendea?" niliuliza.

Wifi alikaa kimya kidogo. Kisha akasema jana yake alipanda huko na mkungu wa ndizi.

"Ukawaambia nini?"

"Sijawaambia kitu bado. Tulichambua maharage."